Maua ya Shaba Mbele ya Altare

Mimi ni mwanamke wa hasira, na afadhali niseme mapema ili mtu asinilaumu katikati. Wanafunzi wangu wa kemia wanajua. Majirani wanajua. Hata watu waliokuwa wakinisikiliza redioni kila Jumamosi mchana hapa Kolwezi walijua, maana kuna siku nilimkatia mtu simu hewani kwa sababu alishikilia kwamba zebaki ni jiwe.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha maswali ya sayansi. Mimi nauliza, watu wanapiga simu, anayejibu sawa anapata kipande cha sabuni kutoka duka la jirani. Elementi namba ishirini na tisa ni ipi? Shaba. Namba ishirini na saba? Kobalti. Metali gani ni majimaji hata bila moto? Zebaki, na narudia, si jiwe. Metali gani inapitisha umeme vizuri kuliko shaba? Fedha, na hapo wengi walikosea, kwa sababu mtu wa Kolwezi hakubali kwamba kuna kitu kinachoishinda shaba. Niliuliza juu ya wavumbuzi pia, kama yule Mwitaliano aliyepanga visahani vya metali na vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi akapata betri ya kwanza. Niliuliza juu ya wachimbaji wa Kijerumani wa zamani, ambao jiwe lao lilikataa kutoa metali waliyoitaka na moshi wake ukawaumiza, wakasema limerogwa na shetani mdogo wa mgodini, na jina la shetani huyo ndilo likawa kobalti. Hilo swali watu walilipenda sana. Tata mmoja mzee alipiga simu akasema, "Prof, ule shetani njo alihamiaka huku kwetu." Nilimpa sabuni ingawa hakujibu nilichouliza.

Swali moja tu sikutaka kuliuliza. Mkurugenzi wa redio alinisumbua nalo kila wiki. "Prof, batu banataka maswali ya hapa kwetu," alisema. "Uliza ile ya maua. Ni maua gani inaotaka fasi kuko shaba?" Nikamwambia hapana, ua linaloota penye shaba siliulizi. Wachimbaji wa siku hizi, hawa tunaowaita makrezeri, wengi ni vijana waliotoka mbali, Kasai, Kivu, na kwingineko. Mawe wanayajua vizuri. La kijani wanajua ni malakiti yenye shaba, jeusi wanajua lina kobalti, na watalitambua kwa kulipima uzito mkononi tu. Lakini mimea ya kwetu hawaijui. Waliojua ua la shaba ni wazee, na wazee hawachimbi tena. Mkurugenzi akauliza kwa nini nakataa swali zuri hivyo. Nikamjibu kwamba kipindi ni changu, na kama anataka maua aende kwa wauza maua. Sababu ya kweli sikumwambia. Ua hilo lilikuwa limejaa kwenye kiwanja cha mama yangu.

Niseme mama alifikaje pale. Mtaa wetu wa zamani ulichukuliwa. Kampuni moja ilipanua shimo lake hadi ukuta wetu wa choo, nyumba zikapasuka, na mwisho watu wa ofisi yake wakaja na helmeti zao safi kutuambia tuhame kwa ajili ya usalama wetu. Usalama wetu! Wao ndio walipasua nyumba, halafu wao ndio walituhurumia. Mimi nilikuwa nimeshapanga vyumba viwili karibu na shule, lakini mama alikuwa mjane, na ile nyumba ndiyo baba alimwachia. Alipewa ruhusa ya kuchagua kiwanja nje ya mji, kwenye mteremko ambako walikuwa wanahamisha watu.

Mama ni mzaliwa wa Kasaji, mtu wa jembe. Alikuja Kolwezi kuolewa, akaishi miaka yote kati ya watu wa mgodi, lakini kichwa chake hakikutoka shambani. Tulipofika pale mteremkoni, watu wengine wakakimbilia viwanja vya chini vyenye miti. Mama akapanda juu kidogo, akasimama mahali pa wazi kabisa. Hapakuwa na mti, hapakuwa na kisiki, nyasi zilikuwa fupi, na katikati yake maua madogo ya zambarau yamesambaa kote, na mengine ya njano huku na huku.

"Njo hapa," akasema, maana yake ndipo hapa.

"Mama, hapa hapana. Unaona miti imekataa kuota? Udongo uko na shaba. Ile maua ya zambarau inapenda shaba, ile ya njano inapenda kobalti."

"Miti haiko, njo muzuri. Sitangoa kisiki hata kimoja. Mi na mugongo huu, unataka ningoe bisiki?"

"Mahindi hayataota."

"Mi nilianza kulima mbele ya kukuzala weye. Ile kemia yako ilishaka kukupa muhindi moja?"

Watu wa ofisi waliotuleta walicheka. Nilitamani kuwarushia jembe. Mmoja wao alikuwa mwenye elimu ya mawe, alijua kabisa mama yangu amesimama juu ya nini, akatazama pembeni na kuandika namba ya kiwanja. Kampuni yake haikuwa na haja na mteremko ule kwa wakati huo. Mpaka leo nikimkumbuka yule mtu meno yananiuma.

Mahindi yaliota, yakafika gotini, yakageuka njano. Nilimweleza mama kwamba shaba ikizidi inachoma mizizi, na jani linakosa chuma cha kulifanya kijani. Tena nilimweleza kwa upole, jambo ambalo si kawaida yangu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi tutaleta udongo ingine." Nikadhani anatania.

Hakutania. Kulikuwa na kichuguu kikubwa kule chini karibu na njia ya reli ya zamani, na mama alianza kukibomoa na kubeba udongo wake kwenye karai, kichwani, kila asubuhi. Akatandaza matuta juu ya ule udongo mbaya, akachanganya na majivu na mavi ya kuku. Nilikuwa nakwenda kumsaidia siku ambazo sina masomo, nabeba karai huku nalalamika, na yeye ananiambia nifunge kinywa nitumie pumzi kwa kubeba. Msimu wa pili ulipofika, matuta yale yalikuwa na matembele, maboga, lengalenga, na mistari ya mahindi ya kijani kweli. Mama alijenga chumba kimoja cha matofali mabichi, akaweka kiti mlangoni. Hapo ndipo alipocheka tena tangu tuhame. Nilielewa kwamba hapa atakaa, na atazeekea hapa, nusu saa ya pikipiki kutoka kwangu. Nilichotaka maishani kwa wakati ule kilikuwa hicho tu, kwamba mama yangu asihamishwe tena.

Kwa hiyo nikawa nang'oa yale maua. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa nakwenda kuyang'oa pande zote za matuta, na kila mvua ikinyesha yanarudi. Mama alikasirika. Alisema maua ya Mungu hayana kosa. Nikamwambia wazi, "Mama, mukrezeri moja akiona hii maua na akajua maana yake, atachimba mpaka chini ya kitanda yako." Akanijibu kwamba kila mtu Kolwezi analala juu ya shaba, na kwamba mimi hasira zimenifanya niogope hadi majani. Tukaacha hivyo. Akanizuia kung'oa yale ya upande wa nyuma, kwa kuwa alipenda kuyatazama akiwa anapika.

Sasa ikaja Pentekoste. Parokiani, kila jumuiya ya mtaa ilipewa kazi yake, wengine kufagia, wengine kuleta mikate ya mapadri, na jumuiya ya wale waliohamishwa ikaambiwa ipambe altare. Lazima mtu aelewe jambo hili. Watu wa mjini walikuwa wanawaita wale waliohamishwa watu wa porini. Walitarajia mama hawa walete maua ya plastiki yaliyofifia, yale yanayokaa juu ya televisheni. Na mama yangu, ambaye alikuwa na nyumba nzuri mjini kabla ya kupasuliwa, aliumia sana kuitwa mtu wa porini. Hakuniambia chochote. Jumamosi, mimi nikiwa redioni nauliza almasi na risasi ya penseli zimetengenezwa na elementi gani moja, yeye alikuwa nyuma ya nyumba anakata maua.

Niliingia kanisani nimechelewa kidogo, nikakaa nyuma. Wimbo wa mwanzo ukaisha, watu wakakaa, nikaona. Mbele ya altare, kwenye mabeseni yaliyofunikwa vitenge, maua ya zambarau yamejaa, na ya njano yamepangwa katikati kama miali. Yalikuwa mazuri, siwezi kukataa. Kisha nikatazama mabenchi. Kanisa letu lina nani? Lina watu wa mgodi. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu, ambaye ujana wake wote alikwenda porini na timu za kutafuta madini, alimwinamia mwanawe na kumwambia kitu. Mwanawe akamgeukia jirani. Padri alikuwa anahubiri juu ya ndimi za moto, na mimi nilikuwa natazama maneno yanavyopita kutoka benchi hadi benchi, upande wa wanaume.

Baada ya misa walimzunguka mama uwanjani. Wanaume waliovaa vizuri, wengine hawajawahi hata kumsalimia.

"Mama, maua ya muzuri sana. Mulitoa wapi?"

"Kwangu," mama akasema, na uso wake uling'aa. "Kule juu ku muteremko, nyuma ya tanki ya maji. Iko mingi, hata mukikuya na mabeseni kumi."

Nilimvuta mkono. Nilimvuta vibaya, mbele ya katekista na mbele ya mama wa jumuiya yake. Nikamwuliza kwa sauti kama amepoteza akili, kama hakusikia nilichomwambia msimu mzima. Akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akanijibu polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto adabu.

"Nilisikia. Lakini ile ni kanisa. Mu kanisa batu banatazama Mungu. Habatazame shaba."

Nilikuwa na hasira, na sikujua niipeleke kwa nani, maana mama alikuwa sahihi juu ya namna kanisa lilivyopaswa kuwa.

Walikuja kesho yake asubuhi. Sikuwa nimekaa shuleni hata saa moja, mama wa jirani akanipigia simu. Nilipofika, vijana walikuwa wameshapima kwa kamba, na wengine wameshaanza na sururu. Sitawaita wezi. Walikuwa na adabu, wengine wadogo kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, wamevaa kandambili. Mmoja wao alimwambia mama, "Mama, samahani, tunaomba tu upande huu wa maua." Lakini udongo wa mama ulikuwa upande huo huo. Ule udongo wa kichuguu aliobeba kichwani, karai kwa karai, walikuwa wanautupa pembeni kwa koleo, pamoja na maboga yake, kwa sababu kwao ulikuwa takataka iliyofunika mali.

Nilimwita shefu, yaani mkuu wa mtaa. Alikuja na wale waliovaa vizuri kanisani. Akasimama kivulini mwa nyumba ya mama na kutueleza sheria kana kwamba sisi ni wageni nchini. "Mama, kile kiko juu ni yako. Mahindi, nyumba, kuku, njo yako. Kile kiko chini ni ya Serikali."

"Na udongo wangu?" mama akauliza. "Ule nilileta mi mwenyewe. Ule ni ya juu ao ya chini?"

Shefu akafikiri kidogo. Kweli alifikiri, yule mpumbavu. Kisha akasema hilo litaangaliwa.

Nilimtukana. Sitaandika hapa nilichosema, ila nilimtukana yeye, na wenzake, na ofisi iliyotuleta pale, na nilitaja vyeo vyao kimoja kimoja. Nikamwuliza kama Serikali yenye kila kitu chini ilishindwa kuleta hata bomba moja la maji juu. Vijana walisimamisha sururu wakanitazama. Mmoja wao alisema taratibu, "Mama prof anasema kweli." Halafu wakaendelea kuchimba, kwa sababu ukweli hauwalishi wao pia.

Wiki ile ile kiwanja kilikwisha. Chumba cha mama kikapata ufa kutoka sakafuni hadi dirishani, tukamtoa na kitanda chake, na viti, na kuku waliobaki. Jumamosi nilikwenda redioni kwa kuwa sikujua niende wapi kwingine. Mkurugenzi akanipokea vizuri, akanipa pole, akanivutia kiti. Kisha akasema, "Prof, sasa ile ya maua unaweza kuuliza, hapana? Batu bote banaongea ile tu."

Nilivua spika za masikioni nilizokuwa nimeshavaa, nikaziweka mezani. Nikamwambia atafute mtu mwingine wa kuuliza watu wenye mashimo chini ya vitanda ni nani aliyevumbua betri. Sijarudi pale tena. Nasikia sasa wanapiga muziki saa ile.

Mama akawa anakaa kwangu. Vyumba viwili, uwanja wa saruji, hakuna hata mahali pa kuotesha pilipili. Asubuhi alikuwa anaamka kabla ya kila mtu, anavaa kitenge cha kazi, kisha anakaa kitandani na mikono mapajani. Sikuwahi kuona mikono ya mama yangu imekaa. Nilimletea ndoo zenye udongo aoteshe vitunguu, akashukuru, hakuzigusa. Watu wa ofisi wakatuma ujumbe kwamba kuna viwanja vingine, upande mwingine, mama aende achague. Hakujibu.

Jioni moja nilikuwa nasahihisha mitihani. Alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, akasema bila kunitazama, "Weye unajuaka majibu yote. Niambie basi. Ni wapi kuko udongo ya bule, chini hakuna kitu? Hakuna shaba, hakuna kobalti, hakuna kitu mutu atakuya kutafuta?"

Nilijibu papo hapo. Ni kazi yangu, nikiulizwa kitu ninachokijua nakijibu. Nilisema upande wa magharibi, ukishaacha mawe ya huku, nchi imefunikwa na mchanga, mchanga mwingi ulioletwa na upepo zamani sana, na chini yake huwezi kupata shaba ya kuchimba kwa sururu. Nilisema hata huko kwao Kasaji ni hivyo. Manganezi iko mbele zaidi, elementi namba ishirini na tano, lakini pale kwao penyewe ni mchanga mtupu, maskini, unaokubali muhogo na basi.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama.

"Muhogo inatosha," akasema.

Nikaanza kukana. Nikamwambia huko hakuna hospitali ya maana, ndugu zake wengi wameshakufa, barabara wakati wa mvua haipitiki, na mimi nitamwonaje. Nikapandisha sauti. Nikamwambia kwamba nilikuwa nasema tu, kwamba sayansi si lazima iwe sahihi kila mahali, na nikajisikia ninavyodanganya. Aliniacha nimalize. Alikuwa ameshavuta begi kutoka chini ya kitanda na kukunja vitenge vyake.

"Usikasirike, mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita akinipenda. "Umejibu muzuri."

Aliondoka mwisho wa wiki ile, jembe lake limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Anapata muhogo mzuri, ananiambia kwenye simu, mtandao ukikubali. Anasema pale hakuna mtu anayepita akitazama chini.